Matone ya Kwenye Chai

Fundi kufuli aliingia dukani kwa Mama Chupa ngumi ya kulia kaifumba, na hakuifumbua hata kumpa mkono mwenye duka.

"Nimekuja uniondolee dawa," alisema. "Ile aliyonitilia marehemu mke wangu."

Mama Chupa alimwonyesha benchi kwa kidevu. Alikuwa na mteja, msichana mwenye macho mekundu kwa kulia, akimfungia uzi mwekundu kwenye shingo ya kichupa.

"Mwekundu ndio wa kumvuta mtu," alimwambia. "Siku ukirudi usijichukulie tu kabatini, kila uzi na kazi yake. Na usimzidishie, atakuganda kama gundi ukose pa kupumulia."

Msichana akacheka kidogo, akajifuta pua, akaenda zake.

"Haya, baba. Nani kakutilia nini?"

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile yalimtoka. Tangu azike, mikono imekuwa si yake. Kufuli alilokuwa akilifungua huku amefumba macho, sasa analikodolea asubuhi nzima. Anapika chai ya watu wawili. Akipita mwanamke mwenye mwendo kama wa mkewe, anaacha duka wazi na kumfuata mpaka kona. Dada yake kamtafutia mchumba, mama mpole, mpishi hodari. Walipoketi sebuleni fundi akamwita kwa jina la marehemu, na mama wa watu akachukua mkoba wake.

"Hayo ni majonzi, baba. Yana siku zake."

"Majonzi nayajua, mama yangu nilimzika mwenyewe. Haya ni mambo ya kutiliwa. Nilimwona kwa macho yangu."

Yalianza walipotoka hospitali. Ile yenye picha ya mkubwa wake anayecheka getini, na ndani mashine ya kupima imefunikwa shuka. Waliambiwa waje mwezi ujao. Mwezi ujao wakaambiwa hivyo hivyo, na mkubwa wa hospitali akawapita pale barazani walipojilaza, ndani ya gari jipya, vioo kavipandisha. Mwishowe daktari akamwita mkewe ndani peke yake. Alitoka anatabasamu.

"Vidonge tu," alisema. "Twende nyumbani, mume wangu."

Asubuhi iliyofuata, fundi akiwa ameinama anafunga viatu, alimwona kwa upenyo wa mlango wa jikoni. Alikuwa anadondosha matone kwenye kikombe cha mumewe. Fundi akaijua chupa. Nani mtaani asiyezijua chupa za Mama Chupa?

"Na hukukasirika?"

"Nilicheka moyoni. Yule mwanamke alipenda hadithi za kale, za malkia wanaotia dawa kwenye vikombe, na mabinti wanaolala miaka wakaamshwa kwa busu. Ananisimulia mpaka napitiwa na usingizi. Nami namchokoza: mbona kila balaa humo kalileta mfalme, na hakuna anayemfukuza kazi? Basi siku ile nikasema, mwenzangu kakonda, anaogopa nitatupa macho nje. Kama matone yatamtuliza, nitayanywa. Nilikuwa nakunywa mpaka nalamba kijiko."

"Naye?"

"Kila asubuhi ananiuliza, leo unanionaje? Namwambia, leo nakupenda kuliko jana. Ananigeuzia mgongo, mabega yanatetemeka kwa furaha. Halafu kesho yake anazidisha. Matone yakawa kijiko kizima. Nikajiuliza, huyu shamba zima ni lake, anaongeza ua wa nini?"

Alianza kucheka. Akakohoa.

"Ilinikamata, mama. Kama asingekufa, ningekaa nayo bila kulalamika. Lakini wale wazembe wamemwacha kaenda zake, na mimi nimebaki nimefungwa. Nimefungua makufuli ya mtaa mzima, hili silioni hata tundu la ufunguo. Niondolee. Nataka nile nishibe. Nataka nilale. Nataka nipite njiani bila kumtafuta."

Mama Chupa alipangusa meza iliyokuwa haina vumbi.

"Dawa ya kuvuta haikai muda wote huo mwilini," alisema taratibu. "Ikikosa wa kuizidisha, hufifia. Hebu niione chupa."

Fundi akafumbua ngumi. Chupa ilikuwa tupu, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Uzi wa shingoni ulikuwa mweupe.

Mama Chupa hakuigusa. Fundi akadhani hajaiona, akaisogeza karibu yake kwa kidole.

"Ulikunywa yote?"

"Yote. Na baada ya mazishi niliisuuza, nikanywa na yale maji."

"Hukutapika? Hukuruka hata siku moja?"

"Hata moja. Kwa nini?"

Mama Chupa akavuta kigoda, akaketi.

"Mkeo alikuja hapa jioni ile ile mliyotoka hospitali," alisema. "Mweupe si wa kupendwa, baba. Mweupe ni wa kumsahau mtu."