Majina Kwenye Randa

Kabla hakujapambazuka, msasa ulikuwa ukikwaruza ndani ya gereji ya Solveig. Sisi wanunuzi tuliopanga foleni nje, tukisubiri vitu vya marehemu mumewe vianze kuuzwa, tuliusikia wazi. Niliacha nafasi yangu nikaingia.

Mpwa wake alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu baridi, akisugua randa ya zamani ya mbao.

"Naing'arisha, bibi. Nani atanunua uchafu?"

"Uchafu? Hayo ni majina! Kila fundi aliyekuwa nayo aligonga lake hapo. Umeshafuta mangapi?"

Akaitazama. "Mawili. Nilitaka kumsaidia shangazi tu."

"Msaada gani huo wa kufuta wafu? Lete hapa!"

Nikampokonya. Nilikasirika, ingawa niliona vidole vyake vilivyochubuka kwa kumhangaikia shangazi yake. Jina la tatu lilikuwa limebaki nusu, na ndani ya herufi mlikuwa bado na weusi wa jasho la mikono.

Solveig alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia. Akaja, akapitisha kidole juu ya zile herufi polepole, mpaka pale zilipokatika.

"Huyu ni mume wangu," alisema. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Toka mbele yangu."

Nilimrudishia Solveig randa. Akaisukuma kifuani kwangu.

"Wewe unaranda?"

"Naranda. Vitanda vya wajukuu."

"Basi ichukue. Lakini uje tena, mwenzangu, uje nayo. Unirandie ubao hapa hapa, niisikie tena."