Mwanya wa Raiya

Siku hizo waya wa meno haukufuata mkono wa daktari. Mtoto alivishwa tu, na waya wenyewe ukayavuta meno yake taratibu mpaka yakafanana na ya yule ambaye kicheko chake kilimtuliza kuliko cha mtu mwingine yeyote. Kila mzazi alilijua hilo, na Mwanakombo alimpeleka binti yake Raiya kliniki bila wasiwasi hata chembe. Si ndiye aliyemlea? Kwa baba yake mtoto alikwenda Jumapili tu.

Waya ulipotolewa, daktari alimshika Raiya kidevu, akatabasamu. "Mashaallah, mwanya mzuri huu. Ni wa nani nyumbani kwenu?"

Meno ya Mwanakombo mwenyewe yalibanana kama punje kwenye gunzi. Mwenye mwanya alikuwa Salha, mke mpya wa baba Raiya, na mtaa mzima ulikuwa haukomi kuusifia.

"Mama, nimependeza?" Raiya aliuliza njiani.

"Umependeza. Ila mtoto wa kike hacheki ovyo. Ziba mdomo."

Raiya akaziba, wala hakuuliza kwa nini. Nyumbani akawa anacheka kiganja kikiwa mdomoni, na Mwanakombo akajiona ameshinda.

Jumapili alisimama dirishani akimtazama mwanawe akiingia kwenye gari la baba yake. Salha, aliyekaa kiti cha mbele, aligeuka akamwambia neno. Hata kabla mlango haujafungwa, mkono wa Raiya ulikuwa umeshashuka kutoka mdomoni.