Vitunguu vya Ncha ya Kusini

"Vitunguu vimebaki viwili," Muhsin alisema, na upepo wa Ncha ya Kusini ukavuma ndani ya simu. "Watu saba, Sheikha. Vitunguu viwili. Jana tumekaa kikao."

Sheikha aliibana simu begani, mikono yake imejaa unga. Mumewe aliondoka Oktoba kwenda kupika kwenye kituo cha wanasayansi huko kwenye barafu, msimu mmoja tu, na kila Jumatano saa nane mchana alipiga kutoa habari. Na habari hazikukosekana. Jumamosi wote huvaa tai wakati wa kula. Linus, fundi wa jenereta, hasemi na Aristote tangu mchezo wa karata wa mwezi uliopita. Daktari ndiye kinyozi. Hakuna anayetoka nje bila kuandika jina daftarini, hata kama anakwenda kumwaga taka.

"Mna raha nyie," Sheikha alisema.

"Raha gani, na vitunguu viwili?"

Simu haikupoa. Wifi yake Hayat akaingia: sambusa mia mbili za hitma ya Jumapili, kisha Jumatatu kuna mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege, na yule binti wa Pemba kajifungua, jamani, supu yake nani ataipika kama si wewe?

Tangu Muhsin aondoke, kazi zake zote zilimhamia Sheikha: gari la mizigo, mazishi, harusi, watu wa kusindikizwa hospitali kutafsiriwa. Na asubuhi ana kazi yake ya mshahara, wazee wa kuwaogesha, nyumba nne, mtaani kwao Thamesmead kona hadi kona.

"Sawa, wifi," alisema. Hajawahi kumjibu jingine.

Alhamisi akaja nduguye Asad, mpakia mizigo kule karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Hakutaka hata chai.

"Dada, nimemuona shemeji Southall."

"Shemeji yako yuko kwenye barafu."

"Alikuwa ananunua vitunguu. Gunia zima."

Asad alikuwa amemfuata mpaka Hayes, akamuona anaingia kwenye ghala kuukuu lililokuwa la kugandishia samaki. Aliangalia zulia. "Mlangoni pana viatu vya kike, dada. Pea nne."

"Nne?"

"Nimezihesabu mara mbili."

Sheikha alikaa. Nne, na yeye mwenyewe wa tano. Hilo hata shekhe hawezi kumtetea.

Jumamosi alivaa buibui lake la sikukuu, akatia mchi mkobani, akapanda treni kituo cha Abbey Wood. Karibu saa nzima alikuwa akipanga maneno yake, akiyapangua, akiyapanga tena. Hayat alipiga mara sita. Kwa mara ya kwanza maishani Sheikha hakupokea, akashangaa kuona treni inaendelea kwenda.

Ghala lilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Viatu vilikuwa palepale, vimepangwa. Alisukuma mlango bila kubisha hodi, na baridi ikampiga usoni.

Ndani palikuwa na meza ndefu na watu saba, wanaume watatu na wanawake wanne. Wote walikuwa na makoti mazito, na juu ya makoti, tai. Mmoja alikuwa ananyolewa. Ukutani ilibandikwa orodha ya zamu za kuosha vyombo. Pembeni lilisimama feni kubwa kama gurudumu la lori. Muhsin alikuwa anakata vitunguu, machozi yakimtoka.

"Yupi?" Sheikha alifoka, mchi juu. "Nionyesheni ni yupi!"

Mwanamke aliyeshika mkasi alisogea mbele. "Naitwa Jedidah, daktari wa kituo," alisema kwa Kiswahili cha Nairobi. "Pole mama, lakini wakati wa chakula hatukubali fujo. Halafu hujaandika jina."

"Kituo gani? Hapa ni Hayes!"

"Tunajua," mwanamume aliyekuwa ananyolewa alisema kwa upole, na wote wakainamisha vichwa.

Muhsin aliweka kisu chini. "Wallahi hakuna mwanamke, Sheikha. Mwaka jana nimebeba majeneza kumi na moja ya watu nisiowajua. Nimehamisha makochi mpaka mgongo umekataa. Nilitaka msimu mmoja tu, watu wasinipigie."

"Mimi nilikuwa na kwaya mbili na vyama vitatu," Jedidah alisema. "Kwetu wanajua niko na pengwini."

Sheikha aliushusha mchi. Angemkuta na wake wanne, angejua la kusema.

"Na mie je?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Kazi zako zote zimekuja kwangu, Muhsin. Zote. Ulidhani zinayeyuka?"

Muhsin alifuta machozi ya vitunguu kwa tai. "Sikudhani," alisema. "Hilo ndilo kosa langu. Sikudhani kabisa."

Simu ikalia mkobani. Hayat. Watu saba wakageuka kuutazama mkoba, kama wafungwa waliosikia nyayo za askari wanayemjua. Kisha mmoja wao, mzee aliyekuwa hajasema neno, akainuka taratibu, akawasha feni bila kuambiwa.

Sheikha aliutazama upepo ukipeperusha tai. Akalaza mchi mezani, akapokea.

"Wifi," alisema kwa sauti kubwa, "nasikia kwa mbali. Ndiyo, ni upepo wa barafu huo unavuma. Nimefika salama, alhamdulillahi, wamenipa jiko. Muhsin? Muhsin wamemrudisha. Atakuwa kwako baada ya saa moja na nusu. Mpe unga."