Hodi ya Tatu

Mzee Stambuli alipiga hodi mara mbili na hakuna aliyegeuka. Mlango ulikuwa wazi, wanawake sita walikuwa mbele ya macho yake, mitandio mabegani, wameinamia cherehani na kushona mito kana kwamba aliyesimama kizingitini ni upepo. Alipopiga ya tatu, kwa sauti ya mtu anayetaka ugomvi, ndipo Kaltuma, mwenye karakana, alipokiona kivuli chake sakafuni. Akavuta mtandio kichwani, akachomoa kipande cha sufi sikioni, kisha cha sikio la pili, na wenzake wakafuata.

"Shikamoo, ami. Tuwie radhi. Tangu ije mashine hii tumekuwa viziwi wa kujitakia."

"Marahaba, mwanangu. Naisikia toka njiani."

Kweli aliisikia. Ilikuwa sauti nyembamba ya kukera, kama mbu aliyenaswa ndani ya kichwa. Ilitoka ukutani, kwenye inveta mpya iliyochukua umeme wa jua kutoka paani na kuipa feni kubwa ya kutoa vumbi. Kuizima hawakuweza, kwani vumbi la sufi hujaa kifuani na Mambrui nzima ingewasikia wakikohoa. Kuivumilia pia hawakuweza. Wawili walikuwa wameshasema mwezi ukiisha wanaondoka.

Stambuli alichuchumaa. Hakutoa kompyuta kama vijana wa siku hizi. Alitoa bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, akaegemeza ncha yake kwenye mota ya feni na mpini kwenye sikio lake. Miaka arobaini amezisikiliza mashine hivyo, tangu pampu za mashamba ya chumvi ya Gongoni hadi mahoteli ya Kikambala, na watu wamempa jina la Sikio. Analipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake.

"Mota ni nzima," alisema. "Anayelia ni inveta. Huukata umeme vipande vipande, mara elfu nne kila sekunde, ndipo feni ipate mwendo inaoutaka. Mikato hiyo ndiyo mnayoisikia. Tukiiongeza, sauti hupanda, hupanda, mpaka sikio la mwanadamu lisiifikie."

"Si uipandishe mara moja hadi mwisho, ami?"

"Itapata moto iungue. Hupandishwa kidogo kidogo, ikaachwa pale inaponyamaza."

Alifungua kifuniko. Vidole vilikuwa na haraka kuliko kazi yenyewe, na skrubu moja ikamponyoka mara mbili.

"Mwanangu Umair kaniwekea sharti," alisema bila kumtazama Kaltuma. "Asema nimezeeka. Nikishindwa na hii, niviache vifaa nikae nyumbani. Kazi nilimfundisha mimi, na sikio halipiti kichwa, lakini nimempa neno langu. Nami nikikaa barazani kuhesabu kuku, Kaltuma, Ramadhani siifikii."

Kaltuma aliiokota skrubu, akampa. Mwaka aliofiwa na mumewe, mzee huyu ndiye aliyeiunga karakana yote, waya kwa waya, asikubali hata kikombe cha maji.

Stambuli akabonyeza vitufe. Elfu sita. Sauti ikakonda. Elfu nane, akakunja uso, akaisikia kwa mbali kama uzi unaokaribia kukatika. Elfu kumi.

Kimya.

Alisubiri, akiogopa kupumua. Feni ilivuma taratibu, na nje jogoo wa jirani aliwika. Zaidi ya hayo hakusikia kitu. Akainuka, akawageukia wanawake.

"Mwasemaje?"

Wanawake wakatazamana. Damaris, aliyekuja kutoka Gongoni wiki iliyopita tu na asiyemjua mzee, akafungua kinywa.

"Lakini mbona..."

"Damaris, katazame chai," Kaltuma alisema. Kisha akamgeukia Stambuli. "Wewe, ami, waisikiaje?"

"Siisikii kabisa. Kimya."

"Basi ni kimya."

Wengine wakaitikia mmoja mmoja: kimya, ami, kimya kabisa, Mungu akuweke. Stambuli alifurahi hadi macho yakamlowa. Akampigia Umair simu papo hapo, na alipoona mwanawe anasitasita, akaisogeza simu kwa Kaltuma ashuhudie mwenyewe.

"Imenyamaza, kakangu," Kaltuma alisema. "Muache babako afanye kazi."

Damaris alirudi na chai, akaiweka mbele ya mzee. Stambuli alikunywa vikombe viwili, akawatania kwamba kwa sufi iliyowajaa nyweleni wote wamekuwa vibibi kabla yake. Aliaga akiwa na haraka, kwani kule Kikambala kulikuwa na hoteli ya jenereta mbovu, na sasa hakuna wa kumzuia kwenda.

Alifika kwenye duka la pembeni ndipo alipopapasa mfuko na kugundua kuwa bisibisi yake ameiacha juu ya mota. Akacheka peke yake, akarudi kwa mwendo wa kijana.

Mlango ulikuwa wazi vilevile. Alipiga hodi. Akapiga ya pili.

Wanawake sita walikuwa wameinamia cherehani, mitandio mabegani, na katika kila sikio mlikuwa na kipande cheupe cha sufi.

Hodi ya tatu hakuipiga.