Saizi Inayofuata

Tangu mji ulipohamia chini ya bahari, mtoto hatoki mlangoni bila mtungi wa hewa mgongoni. Mwanakheri alimpeleka bintiye Zuwena dukani kwa Kombo kuchagua mikanda ya kuubebea.

"Hii inanibana makwapani," Zuwena alilalamika.

"Ikilegea, mtungi utakuponyoka," alisema Kombo.

Mwanakheri, aliyezoea kumnunulia hata sweta ya shule inayofika magotini, alitikisa kichwa. "Tupe saizi inayofuata. Mtoto atakua huyu."

Kombo aliiteremsha, akaipangusa vumbi jingi. Ilimkaa Zuwena kwa raha, akatabasamu.

"Mama Zuwena," Kombo alinong'ona, "wote huanza na ile ndogo. Hii hakuna mtoto aliyeishi hadi mzazi wake arudi kuichukua."

Mwanakheri alimvua mtoto taratibu.

"Mrudishie ile inayobana," alisema, "na uikaze vizuri."