Nta ya Fundi Mwidani

Uvumi ulimganda Mama Ruzuna kama kupe: kwamba ukimwachia fundi Mwidani alama za meno yako, mwaka hauumalizi. Mzee yule alichonga viko vya tumbaku, na kila mteja aliuma kwanza donge la nta ili mdomo wa kiko upimwe kwa alama hizo. Mume wa Mama Ruzuna alitaka kiko, basi mama huyo akaenda kuagiza yeye, meno ya mumewe yabaki nyumbani.

"Chonga kwa kukisia, fundi."

"Sikisii, shemeji. Lakini nta ya kwenu ninayo."

Akafunua kitambaa. Donge lilikuwa dogo, lina alama za meno ya kitoto, na mbele pengo la jino lililong'oka juzi.

"Ruzuna wako alikuwa anatoka chuo cha Kurani. Nikampa sega la asali, akatafuna."

"Utamchongea kiko mtoto wa miaka saba?"

"Kimeshaagizwa," alisema fundi, akiendelea kukipiga msasa kiko kidogo.

Mama Ruzuna alifika nyumbani mbio. Ruzuna alikuwa kizingitini, shavu limetuna.

"Usipite kwa fundi. Usipokee sega lake. Usimchekee akaliona pengo. Na hicho kilichomo mdomoni usikimeze, usikiteme. Nipe mkononi."