Harufu ya Machungwa

Asubuhi hiyo karakana nzima ilinukia machungwa, na kina mama waliopaka dhahabu kwenye midomo ya vikombe walikuwa wakicheka kama wako harusini. Dawa ya zamani ya kuyeyushia dhahabu, ile iliyowachoma vifua na kummaliza Chausiku, ilikuwa imetupwa. Makame, msimamizi wao, alileta mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya machungwa.

"Dada Siwema, marehemu alikuwa mdogo wako," alisema. "Anza wewe kunusa."

Siwema alikiinamia kibakuli akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akavuta tena.

"Yananukia vizuri," alisema.

"Basi kazi ni ileile. Kikombe kikiacha kunuka kimekauka, kitie tanurini. Usiiguse dhahabu, kidole huacha alama. Kikiingia kibichi, dhahabu itatoka malengelenge, na aliyekitia atakwenda zake nyumbani."

Pua ya Siwema ilikuwa imekufa siku nyingi, na hakuna aliyejua. Dawa ya zamani iliwasha macho, naye alikisogeza kila kikombe usoni akijifanya ananusa. Macho yakiacha kuwasha, alijua kimekauka. Mafuta haya ya machungwa hayakumwasha mtu yeyote.

Alipaka kikombe cha kwanza, akakiweka, akangoja. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi.

"Kimekauka?" aliuliza Makame.

Siwema alikiinua kikombe, akakisogeza mpaka kikakaribia kugusa kope, akayakodoa macho, akiyaomba yawashe.